Kitindamlo cha Kung'aa Gizani: Kipi Kiliwe na Kipi Kisiliwe



Siku hizi watoto wetu wameona, kwenye simu na kwenye kumbi za harusi za mjini, keki na jeli zinazong'aa gizani, na sasa wanataka na wao wafanyiwe hivyo siku zao za kuzaliwa. Akina mama kadhaa wametuuliza kama jambo hili ni salama, wengine kwa sauti ya chini kabisa kana kwamba wanauliza habari za uganga. Si uganga. Ni jambo la jikoni, na vitu viwili vinavyolifanikisha vyema tunavijua tangu utotoni: kwinini na manjano. Lakini vipo pia vitu vinavyong'aa ambavyo havifai kabisa kuingia kinywani mwa mtoto, na hivyo ndivyo vinavyopatikana kwa urahisi zaidi madukani. Kwa hiyo tumeona tuandike kwa kirefu.

Tuanze na taa. Ukienda duka la kubadilishia fedha Mji Mkongwe utaona kile kitaa cha zambarau ambacho karani hupitishia noti chini yake kutafuta za bandia. Taa hiyo ndiyo tunayoihitaji. Hutoa miale iitwayo urujuanimno, ambayo macho yetu hayaioni. Baadhi ya vitu huipokea miale hiyo na kuirudisha ikiwa mwanga unaoonekana, wa buluu, kijani au njano. Ukizima taa, mng'ao nao hukoma papo hapo. Mwaka 1845 Mwingereza John Herschel aliandika juu ya rangi ya buluu aliyoiona kwenye maji ya kwinini yakiwa juani, na mwaka 1852 George Stokes akaeleza kinachotokea. Basi jambo lenyewe ni la zamani kuliko hamamu yetu ya Kidichi, ambayo Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850, kwa miaka mitano tu.

Kwinini mnaijua. Nani kati yetu aliyewahi kuugua malaria zamani akasahau ule uchungu, na masikio yakivuma siku nzima? Hutoka kwenye gamba la mti uliotoka Amerika ya Kusini. Wajerumani waliupanda Amani, kule milima ya Usambara, kwenye kituo chao cha utafiti walichokianzisha mwaka 1902, na huko Bukavu, Kongo, kiwanda cha Pharmakina kimekuwa kikitengeneza kwinini kutokana na miti ya Kivu yenyewe. Kiasi kidogo sana cha kwinini hutiwa kwenye soda iitwayo toniki, na ndiyo maana soda hiyo ni chungu. Chini ya taa ya noti huwa ya buluu, buluu ya kupendeza kweli.

Hapa tujibu maswali mawili tunayoulizwa kila mara. La kwanza: je, toniki ni pombe? Hapana. Huwekwa baa kwa sababu wanywaji huichanganya na pombe yao, lakini yenyewe ni soda, na sukari yake haipungui sana kuliko ya soda nyingine. La pili: je, mtoto hatakuwa amekunywa dawa? Tupige hesabu. Huko Marekani sheria hairuhusu zaidi ya miligramu 83 za kwinini katika lita moja ya toniki. Dozi ya malaria ya mtu mzima ilikuwa miligramu 600 kila baada ya saa nane, kwa siku saba. Ili kufikia dozi moja tu, mtu angehitaji kunywa zaidi ya lita saba. Kipande cha jeli cha mtoto kina miligramu chache tu.

Hata hivyo, uchache huo si ruhusa kwa kila mtu. Aliyewahi kuvimba, kuwashwa mwili au kupata madoa ya damu chini ya ngozi baada ya kwinini asiguse hata kijiko, kwa maana kwa mtu wa namna hiyo kiasi kidogo chaweza kumdhuru. Vilevile aliyeambiwa hospitali kwamba ana upungufu wa G6PD, nao si wachache huku kwetu pwani, na mwenye kutumia dawa za mapigo ya moyo. Mama mjamzito naye tungemshauri aiache, ale ile ya manjano tutakayoieleza. Na watoto wa wenzako usiwalishe kwa kushtukiza. Waulize mama zao kwanza. Ni swali la dakika moja mlangoni.

Jambo la pili la kuuliza mlangoni ni la jeli yenyewe. Jeli ya paketi mara nyingi hufanywa kwa jelatini, nayo hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, pengine nguruwe. Hapa Unguja sherehe ya mtoto wetu haiwezi kuwa ya watoto wa kanisani peke yao. Watoto wa jirani ndio wanaofika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, na mama zao wametuamini. Tusiwavunjie amani hiyo kwa kijiko cha jeli. Sisi tunatumia agaragari, ambayo wengi mnaijua kwa jina la chaina-grasi na mnaitia kwenye faluda. Hutokana na mwani wa baharini, haina mnyama ndani yake. (Mwani wanaoulima wenzetu wa Paje na Jambiani tangu mwaka 1989 ni wa jamii nyingine, nao pia hugandisha maziwa vizuri, lakini hatujauzoea kwa toniki.)

Agaragari ina faida nyingine inayotugusa. Jelatini huyeyuka kwenye joto letu la Januari, bali agaragari huganda nje ya friji na hubaki imeganda. Sisi tunaokumbuka jinsi Unguja ilivyokaa bila umeme kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 hatupendi mapishi yanayotegemea friji. Taa yenyewe hupatikana ya betri.

Kwa watoto kama kumi, chukua maji mililita 150, tia vijiko viwili vya chai vya agaragari ya unga, chemsha kwa dakika tatu hivi ukikoroga mpaka isionekane chembe. Tia sukari vijiko vitatu vya chakula. Epua. Sasa mimina toniki mililita 350 ambayo si ya baridi, kwa sababu ukitia ya kutoka kwenye friji mchanganyiko utakatika mabonge mara moja. Usiichemshe toniki pamoja na agaragari, kwani ukali wake huidhoofisha isigande vizuri. Kamulia ndimu kidogo kuufunika uchungu, koroga, mimina kwenye sinia bapa. Baada ya saa moja imeganda.

Tumesema sinia bapa kwa makusudi. Agaragari haiyeyuki mdomoni kama jelatini. Mwaka 2004 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku zile jeli za vikombe vidogo vya kufyonza, zilizogandishwa kwa vitu vya jamii hii, kwa sababu watoto walipaliwa nazo wakafa. Zinateleza zikaziba koo, na kwa kuwa haziyeyuki, hazitoki. Usitengeneze vidonge vya mviringo, wala vipande vya kumeza mara moja. Katakata nyembamba, wape vijiko, wakae chini, na wale wa chini ya miaka mitano mama akae nao karibu na kuwapondea. Gizani huoni mtoto aliyepaliwa, naye haliti. Kwa hiyo tunashauri giza liwe la kutazama na kushangilia, kisha washa taa ya kawaida ndipo wale.

Usitie chumvi. Si kwa ajili ya ladha tu, bali chumvi huuzima mng'ao wa kwinini. Waweza hata kuufanya mchezo: weka glasi mbili za toniki chini ya taa, tia chumvi katika moja, watoto waone buluu inavyofifia. Karanga za chumvi juu ya jeli nazo zitaleta madoa ya giza. Rangi nyekundu za chakula nazo huumeza mwanga, kwa hiyo ziache.

Wale ambao toniki haiwafai, na wale watoto ambao hata kwa ndimu watakunja uso, wapikie ya manjano. Hapa Kidichi wageni huja kwenye mashamba ya viungo, wakachimbuliwa mzizi wa manjano, wakapiga picha, wakaondoka. Hawajui kwamba mzizi ule hung'aa kijani-njano. Siri yake ni mafuta: kwenye maji matupu hauonyeshi kitu cha maana, lakini kwenye tui la nazi huamka. Paruza kipande kibichi kama urefu wa kifundo cha kidole, kitie kwenye vikombe viwili vya tui zito, pasha moto polepole dakika kumi bila kuliacha lichemke, chuja kwa kitambaa. Rudisha jikoni na sukari, hiliki, na vijiko vinne vya chakula vya wanga wa mahindi uliokorogwa kwa maji kidogo. Koroga mpaka liwe zito. Hata hapo mng'ao wake ni mpole kuliko wa toniki, tusidanganyane. Usizidishe manjano ukidhani utauongeza. Yakizidi, rangi huufunika mwanga. Wala usitie magadi, maana manjano hugeuka mekundu. Na kama unanunua ya unga, nunua kwa unayemwamini, kwa kuwa katika baadhi ya nchi wafanyabiashara wamekutwa wakiyatia rangi yenye madini ya risasi ili yapendeze. Risasi hudhuru akili ya mtoto. Mzizi mbichi hauna hila hiyo.

Tui likipoa kidogo, limimine juu ya jeli iliyokwisha kuganda, kwa wanaoruhusiwa zote mbili. Buluu chini, kijani juu.

Wapo wanaosaga vidonge vya vitamini B2 kwenye krimu, navyo hung'aa vizuri sana. Mtoto hatadhurika na kidonge kimoja cha B2. Lakini sisi tunaofanya kazi wodini tumeona watoto waliomeza dawa za bibi wakidhani ni peremende, na hatuwezi kumwonyesha mtoto mama yake akitia vidonge kwenye keki. Katika hilo hatutabadilika.

Sasa vile vya hatari. Vijiti vya mwanga, vile vya kukunja vinavyong'aa bila taa, vina kichupa cha kioo ndani na dawa za kemikali. Watu huvitumbukiza kwenye jagi la sharubati ili lipendeze, na kijiti kikipasuka, kemikali na vipande vya kioo vyote vimo ndani ya jagi. Wino wa kalamu za kupaka rangi maandishi hung'aa pia, na kuna wanaouloweka kwenye maji. Sabuni ya unga hung'aa kuliko vyote, kwa sababu ya dawa ya weupe iliyomo. Hakuna kati ya hivi kilicho chakula. Mtoto akikinywa, msukutue kinywa, mpe maji kidogo, usimtapishe. Kikimwingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, ukihesabu kwa saa. Kisha kimbilia kituo cha afya na kile kijiti au chupa mkononi, ili mhudumu ajue anashughulika na nini.

Taa nayo ina hila zake. Wakati wa korona, kuanzia mwaka 2020, ziliuzwa sana taa za kuua vijidudu. Nazo ni za urujuanimno, lakini wa aina kali, unaounguza macho na ngozi kwa dakika chache, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, kama mchanga machoni. Hizo hazifai kwa sherehe, wala kwa chumba chenye mtu. Hata zile zisizo za vijidudu zikikaribiwa mno si mchezo. Novemba 2023 wageni wa sherehe moja kubwa Hong Kong waliamka usiku macho yakiwauma, na taa za urujuanimno za ukumbini zikatajwa kuwa ndizo sababu. Nunua ya kukagulia noti, yenye namba 365 au 395. Ya 365 huonyesha kwinini vizuri zaidi. Ipitishe kwenye chupa ya toniki hapo hapo dukani kabla hujalipa. Iweke juu, ikielekea mezani, si usoni, na isikae mikononi mwa watoto.

Tandika kitambaa cheusi au kitu cha rangi nzito. Kitambaa cheupe kilichofuliwa kwa sabuni ya unga kitang'aa kuliko jeli, na mwalimu wa watoto akija na shati jeupe ndiye atakayekuwa kitindamlo. Meno yao yatang'aa vilevile, na hapo ndipo kicheko chenyewe kilipo.

Iliyobaki ifunike, iwekwe mahali pa baridi na iliwe kesho yake, ile ya tui mapema zaidi kwa kuwa huchacha. Madoa ya manjano kwenye nguo usiyasugue mpaka kitambaa kichanike. Fua kawaida, kisha anika juani siku mbili tatu. Jua huyafuta.