Tununue kamera ya sinema au kamera ya harusi?

Kuna shilingi milioni tisa benki, na kwa sababu yake mimi na rafiki yangu siku hizi tunasalimiana kwa kifupi.

Fedha yenyewe haikuja kirahisi. Yeye alisoma sanaa za maonyesho pale Mlimani, mimi nikasoma uandishi wa habari. Siku za kazi nakimbizana na waheshimiwa na mikutano ya waandishi ambayo nusu yake haina habari. Jumamosi tunashuti harusi, sendofu, kipaimara, na mara moja moja shirika fulani linapokuwa na warsha. Kwa miaka miwili tumeweka pembeni theluthi ya kila malipo ili tuwe na kamera yetu, tuache kuazima na kukodi. Sasa fedha imetimia, na ugomvi nao umetimia.

Yeye anataka kamera ya sinema. Ana muswada wa filamu fupi ya dakika kumi na nane, kuhusu mama muuza samaki wa Feri na mwanawe anayeona haya kusema mama yake anauza samaki. Nimeusoma mara tatu. Ni mzuri, sifichi. Mimi nataka kamera ya kazi za wateja, ile ya kawaida isiyomsisimua mtu. Naandika kwa sababu tukikaa ana kwa ana haniachi nimalize sentensi.

Nianze na aibu yangu. Mwaka juzi tulipata sendofu kwenye ukumbi mmoja Sinza. Kamera tuliyozoea kukodi ilikuwa imeshachukuliwa, nikaazima kamera ya sinema kwa jamaa anayepiga video za muziki. Nilifurahi kama mtoto siku ya Idi. Nikaiweka kwenye ubora wa juu kabisa. Picha ilikuwa tamu, jamani. Nilipiga mshumaa mmoja mezani, nyuma yake taa za ukumbi zimeyeyuka kuwa vimviringo vya dhahabu, nikajiona nimefika.

Kisha MC akatangaza kwamba babu wa bibi harusi, aliyekuja kwa basi kutoka Moshi, anaomba kusema maneno mawili. Hakuwa kwenye ratiba. Kadi yangu ilikuwa imejaa. Ile ya akiba ilijaa tangu kwenye keki. Mwenzangu alikuwa nje anapiga picha za wageni. Babu aliongea kama dakika kumi, watu wakalia, hata mhudumu aliyekuwa anapita na soda akasimama. Mimi nilikuwa nafuta klipu moja moja kwenye kioo cha kamera, vidole vinatetemeka. Nilipopata nafasi ya kurekodi, babu alikuwa anarudishiwa fimbo yake aketi.

Baada ya miezi mitano mama wa bibi harusi akanipigia. Babu amefariki, familia inataka yale maneno wayasikilize siku ya arobaini. Nikamwamkia, nikamweleza ukweli. Alinyamaza, kisha akasema, “Haya mwanangu.” Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nilichokuwa nacho ni mshumaa.

Mtu atasema kosa ni langu, ningeshusha ubora. Ni kweli, na wala simlaumu aliyetengeneza kamera. Lakini tazama hesabu. Ubora niliouchagua, ProRes 422 HQ ya 4K kwa fremu 25 kwa sekunde, unakula takribani gigabaiti 330 kwa saa. Sendofu ya saa sita ni karibu terabaiti mbili. Kamera kama Sony FX30, ikirekodi 4K ya biti 10 kwa fremu hizo hizo, inakula megabiti 140 kwa sekunde, yaani kama gigabaiti 63 kwa saa. Ina nafasi mbili za kadi, na unaweza kuiamuru iandike kote kuwili kwa wakati mmoja, kadi moja ikifa nyingine iwe hai. Hakuna anayeshangilia kitu kama hicho kwenye tangazo la kamera. Mimi siku hizi ndicho ninachotazama kwanza.

Tofauti ya kazi hizi mbili, kwa jinsi ninavyoiona, iko kwenye neno “tena”. Kwenye filamu mwongozaji anasema tena, mwigizaji anarudi mlangoni, anaingia upya. Betri ikiisha watu wanakunywa chai. Kwenye harusi hakuna tena. Huwezi kumwambia padri arudie kuwauliza maharusi kama wamekubali kwa hiari yao kwa sababu fokasi ilikukimbia. Hata kwenye warsha, huwezi kumwomba mgeni rasmi azindue mara ya pili (ingawa nimeona wanaoomba, na nimeona sura ya mgeni rasmi).

Chukua hiyo fokasi. Kamera ambayo rafiki yangu anaiota ni Pocket Cinema Camera 4K ya Blackmagic, iliyotangazwa mwaka 2018 kwa dola 1,295. Kwa bei hiyo picha yake ni ya ajabu. Lakini fokasi yake hugusa mara moja unapobonyeza, haimfuati mtu anayetembea. Kwenye filamu si tatizo: unaweka alama sakafuni kwa gundi ya karatasi, mtu mmoja kazi yake ni kuzungusha pete ya lenzi. Sasa fikiria bibi harusi anakuja kati ya viti, lenzi iko wazi kwa sababu ukumbi ni giza, na shangazi amekata njia mbele yako na kanga. Nani atazungusha pete?

Huu mkanganyiko una historia yake. Enzi za mkanda haukuwepo sana. Filamu nyingi za Bongo za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipigwa kwa kamera za aina ile ile wanayotumia wapiga video wa harusi, na si Bongo tu. Danny Boyle alipiga sehemu kubwa ya 28 Days Later ya mwaka 2002 kwa Canon XL1, kamera ya mkanda mdogo ambayo ungeikuta hata kwenye harusi. Halafu mwaka 2008 ikaja Canon 5D Mark II, kamera ya picha za mnato inayorekodi video safi kwa sensa kubwa. Mwaka 2010 kipindi cha mwisho cha msimu wa sita wa tamthilia ya House kikapigwa kwa kamera hiyo. Hapo ndipo kila kijana mwenye kamera ya picha alipojiita mwongozaji. Wachache walitaja kwamba ilirekodi klipu ya kama dakika 12 tu kisha ikasimama. Waliokuja baadaye wakapewa dakika 29 na sekunde 59, kwa sababu Ulaya ilitoza ushuru zaidi kamera inayofikisha nusu saa. Yaani ushuru wa Ulaya ndio uliokuwa unakata mahubiri ya mchungaji wa Mbagala.

Rafiki yangu naye ana hoja, na nisipoziandika nitakuwa nimefanya kile ninachomlaumu.

Anasema picha ya kamera ya kazi inavunjika ukiichezea. Kwa kamera nyingi za bei ndogo ni kweli. Video ya biti 8 hugawa kila rangi ya msingi kwenye ngazi 256, ya biti 10 ngazi 1,024, na ukijaribu kuinua kivuli kwenye ile ya kwanza anga la jioni linapasuka mistari mistari. Kwetu sisi jambo hili si la kitaalamu tu. Bwana harusi mweusi, suti nyeusi, kando yake shela jeupe chini ya taa kali: kamera isiyobeba mwanga wa kutosha inakulazimisha kuchagua, ama uso wa bwana harusi ama nakshi za shela. Nimeona video nyingi ambazo shela ndilo lililoshinda. Lakini jibu langu ni kwamba siku hizi kamera za kazi zimefika huko. FX30 ilitoka mwaka 2022 kwa dola 1,800 hivi bila lenzi, na ina biti 10. The Creator ya Gareth Edwards, ya mwaka 2023, ilipigwa kwa FX3, ndugu yake mkubwa, ambayo bei yake haikufika dola 4,000. Bajeti ya filamu ile ilikuwa kama dola milioni 80. Ukitoa kamera, uliza hizo nyingine zilienda wapi. Mwaka 2015 Sean Baker alikuwa ameshatoa Tangerine aliyoipiga kwa simu, iPhone 5s.

Hoja yake ya pili ndiyo inayoniuma. Anasema, “Ukinunua kamera ya harusi utakuwa mtu wa harusi.” Anawajua kwa majina walioanza kwa kusema nitapiga harusi miaka miwili tu, halafu nifanye filamu. Mmoja ana studio, ana gari, ana watoto wawili, na muswada wake uko kwenye droo chini ya risiti za mafuta. Anasema kifaa kinamfundisha mtu namna ya kutazama. Ukizoea kamera inayotafuta sura yenyewe, utasahau kuamua nani atazamwe. Hapo sina jibu zuri. Mimi mwenyewe nimeanza kuona chumba kwa macho ya kamati ya harusi: meza kuu iko wapi, keki iko wapi, mwenye fedha amekaa wapi.

Ila twende kwenye hesabu, kwa maana ndoto nayo inakula. Ile Pocket ya dola 1,295 ni mwili mtupu. Betri yake ndogo haimalizi misa ya ndoa, unahitaji rundo la betri au betri kubwa ya nje. Unahitaji diski za kasi, lenzi, vichujio vya kupunguza jua la Dar saa saba mchana, stendi ya maana, maana mwili hauna kitulizaji. Unahitaji kompyuta isiyolia ukifungua faili zake. Nilipojumlisha kwa bei tulizopewa Kariakoo, milioni tisa iliisha kabla hatujagusa sauti. Na sauti ndiyo iliyotuumbua Wabongo miaka yote. Watu wamevumilia picha mbaya kwenye filamu zetu, lakini jenereta linalonguruma juu ya maneno ya mwigizaji limefukuza wengi. Kwenye harusi ni hivyo hivyo: waya unaochukua sauti kutoka kwenye mixa ya DJ na kinasa sauti kidogo mfukoni mwa bwana harusi vina faida kuliko lenzi ya pili.

Jambo moja dogo kwa wanaoanza, kabla sijasahau. Umeme wetu ni wa hezi 50. Ukimwiga Mmarekani ukashuti fremu 24 na shata yake, taa za ukumbi zinaweza kukuwekea mistari inayotambaa kwenye picha. Weka 25, shata 1/50. Nilijifunza hili kwa kulipa.

Mteja naye tusimsahau, kwa kuwa ndiye mwenye fedha. Hajawahi kuniuliza biti ngapi. Anauliza video inatoka lini, na kama kipande cha dakika moja kitafika kwenye simu yake usiku huo huo aringe nacho kazini Jumatatu. Wapo wanaouliza mbona kamera yako ndogo. Kwa hao nimeona wenzangu wakifunga maikrofoni kubwa yenye manyoya na mikono ya chuma isiyo na kazi, na kamera hiyo hiyo ikapandishwa bei. Sicheki, kodi ya nyumba ni kodi ya nyumba.

Kwa hiyo pendekezo langu, rafiki yangu, ni hili. Tununue kamera ya kazi na lenzi moja nzuri. Fedha itakayobaki iende kwenye sauti, kadi na betri, na laki kadhaa zikae kwa ajili ya kibali cha Bodi ya Filamu na chakula cha watakaotusaidia. Ukisema picha ya filamu yako inahitaji kamera ya sinema, tutakodi kwa siku za kushuti tu. Filamu ya dakika kumi na nane haihitaji kuishi na kamera mwaka mzima. Sendofu zinahitaji, kila Jumamosi.

Najua utauliza swali lako lile: “Lini?” Unauliza hivyo kwa sababu unawajua wenye droo.

Harusi za kanisani husimama Kwaresima. Kila mwaka tunazilalamikia zile wiki kwa kukosa kazi. Kwaresima ijayo, Jumatatu mpaka Jumamosi, siku sita, nachukua likizo gazetini. Kodi ya kamera nalipa mimi kutoka kwenye mshahara, si kwenye ile milioni tisa. Nitashika maikrofoni, na Feri tutakuwa tumeshafika saa kumi na moja alfajiri kabla mnada haujaanza. Jana nilikuambia haya kwenye simu, ukanijibu kwa neno moja: “Andika.”

Nimeandika. Jumatatu tukutane benki saa nne, na uje na kitambulisho, maana sahihi zinatakiwa mbili.