Okazio kwenye WhatsApp: watu wanauzisha, faida inapotelea njiani

Mama mwenye alizoea kufungua bale ya nguo Kadutu ao Birere na kungojea wateja, leo anapiga picha nguo moja moja, anaandika bei na kuzitia kwenye statusi yake ya WhatsApp. Kijana asiye na meza sokoni anafanya vilevile na simu, televizio, frigo na viatu. Goma, Bukavu, Butembo, Beni, Bunia, magrupu ya kuuzisha okazio yamejaa. Kuanza ni rahisi: simu moja, mamega kidogo, picha. Shida ni kumaliza mwaka mtaji ungali mkononi.

Mambo mawili ndiyo yanaangusha wengi: hesabu yenye haikamiliki, na ulizo lenye kila muuzaji na kila mnunuzi analijua: nani atangulie, feza ao bidhaa?

Kwa nini biashara ilihamia kwenye simu

Mwisho wa Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23, na katikati ya Februari ikawa zamu ya Bukavu. Mabenki yalifunga milango. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Madepo na maduka mengi yaliporwa, na wafanyakazi wengi wakabaki bila mshahara. Mtu mwenye kutafuta feza ya chakula ao ya masomo ya watoto anatoa frigo ao laptopu yake nyumbani. Mwingine mwenye hawezi kununua kipya anatafuta chenye kimetumika. Wote wawili wanakutana kwenye simu, na feza pia inapita kwenye simu: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money.

Hata mahali penye hakuna vita mjini, kama Butembo, biashara ya namna hii inamsaidia mtu mwenye hana uwezo wa kulipia nyumba ya duka. Lakini kukosa duka si kusema kukosa gharama.

Hesabu yenye wengi hawafanyi

Tuchukue mfano. Muuzaji ananunua bale yenye nguo 100 kwa dola 200. Anasema kila nguo imemgharimu dola 2. Anapofungua, anakuta nguo 25 ziko na madoa, zimepasuka ao hakuna mtu wa kuzivaa. Zimebaki 75. Kwa kweli kila nguo imemgharimu karibu dola 2.70. Aongeze nusu dola ya sabuni, pasi na mamega, kisha dola 1 ya motari mwenye kupeleka nguo kwa mteja. Anafika karibu dola 4.20. Akiuzisha dola 5, anabaki na senti 80. Mteja akiomba apunguziwe dola 1, muuzaji amefanya kazi bure na ameongeza feza yake.

Ndiyo maana wenye kudumu ndani ya kazi hii wanatenga bei ya nguo na bei ya motari, na mteja anazijua zote mbili mbele ya kukubali. Wengine wanachagua siku mbili kwa juma za kupeleka, mtaa kwa mtaa, ili motari mmoja apeleke nguo tano kwa safari moja. Wengine wanapanga mahali pamoja pa kukutana na wateja, saa zenye kujulikana.

Kuna pia gharama ya kutoa feza kwenye simu. Tangu mabenki yafungwe, noti zimekuwa chache, na mawakala wengine wanaomba nyongeza juu ya bei ya kampuni. Mwenye kuweza kununua bale mpya kwa kutuma feza ya simu moja kwa moja anaepuka gharama hiyo.

Bei ya dola nayo inacheza. Mwezi wa Septemba na Oktoba 2025, dola 1 ilishuka kutoka juu ya faranga 2,800 mpaka chini ya 2,500 kwa muda mfupi. Mwenye alinunua bidhaa kwa faranga, kisha akaacha bei kwa dola bila kuibadilisha, alijikuta na faranga chache kuliko alivyotegemea. Ni vizuri kuandika siku gani bei inaisha, na kwa kiwango gani cha kubadilisha. Na kama malipo ni ya noti mkononi, zikaguliwe palepale: dola yenye kupasuka inakataliwa, na faranga zenye kuchakaa pia zimeleta ugomvi mwingi.

Kwa wenye kuwa na wateja ngambo ya mpaka, Gisenyi ao Kamembe, kuna hesabu nyingine. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha kodi ya nguo za chaguwa kutoka dola 0.20 mpaka dola 2.50 kwa kilo. Nguo yenye faida Birere inaweza kuwa hasara kisha kupita barriere.

Picha yenye inasema kweli

Mteja wa simu hawezi kugusa. Picha ipigwe muchana, karibu na dirisha, na kitu chenyewe, si picha ya kuokota kwenye intaneti. Doa, kifungo chenye kukosa, kioo chenye kupasuka: vionyeshwe. Wengine wanaogopa kwamba kuonyesha ubaya kutafukuza mteja. Lakini mteja mwenye kugundua doa mbele ya mlango wake anarudisha nguo, na feza ya motari imekwenda mara mbili.

Namba za nguo na viatu zinadanganya pia. Namba 8 ya Uingereza si namba 8 ya Marekani. Kupima kwa metre ya fundi cherehani na kuandika sentimetre kunapunguza kurudishiwa vitu.

Nani atangulie?

Utapeli uko pande zote. Kuna wanunuzi wenye kutuma ujumbe wa uongo unaofanana na ule wa M-Pesa ao Airtel Money, kisha kuharakisha muuzaji: motari anangoja, toa mzigo. Ujumbe si feza. Muuzaji afungue konti yake mwenyewe na kuangalia salio mbele ya kuachilia kitu. Kuna pia wenye kupiga simu baadaye wakisema walituma kwa makosa, warudishiwe haraka. Mambo hayo yamalizwe na huduma ya kampuni ya simu, si kati ya watu wawili.

Upande mwingine, kuna wauzaji wenye kupokea feza na kumfungia mnunuzi njia. Ndani ya mji mmoja, dawa inajulikana: kukutana muchana mahali penye watu, kuona, kujaribisha, kulipa palepale. Frigo ao televizio iwashwe mbele ya malipo, na kama umeme haupo, wangojee urudi.

Kutoka mji mmoja kwenda mwingine, kama Goma na Bukavu kwa njia ya ziwa, pande zote mbili zigawane hatari. Muuzaji anatuma video ya kitu pamoja na karatasi yenye tarehe ya siku ile na jina la mnunuzi. Mnunuzi anatanguliza sehemu, kwa mfano gharama ya safari. Kisha muuzaji anatuma picha ya risiti ya koli, na feza yenye kubaki inalipwa wakati wa kupokea, mbele ya mtu mwenye kuaminiwa na wote wawili.

Kitu kimetoka wapi?

Hapa ndipo hatari ni kubwa zaidi. Kisha uporaji wa Goma na Bukavu, vitu vingi viliingia sokoni bila karatasi. Sheria ya Kongo inaazibu mwizi, na inaazibu pia mwenye kupokea mali ya wizi. Bei ya chini sana iwe alama ya kuuliza.

Kwa simu, bonyeza *#06#: namba ya IMEI itaonekana, ilinganishwe na ile ya karto. Konti ya Google ao ya Apple ya mwenye simu wa zamani itolewe mbele ya malipo, la sivyo simu itafungika. Kisha iandikwe karatasi: majina, namba ya karte ya uchaguzi, IMEI, bei, tarehe, sini za wote wawili na shahidi mmoja. Na mwenye kuuzisha simu yake afute kwanza picha na mazungumzo yake.

Ujumbe wa WhatsApp kuhusu biashara usifutwe. Sheria ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inakubali maandishi ya elektroniki kama ushahidi. Mahali penye tribinali hazifanyi kazi kama kawaida, ushahidi huo unasaidia hata mbele ya shefu wa avenue.

Wasimamizi wa magrupu nao wanaweza kufanya kitu bila kungojea serikali wala benki: kuomba kila muuzaji jina la kweli na mtaa wake, kukataa picha za kuokota, na kutoa mtapeli mara moja huku namba yake ikitangazwa kwa magrupu mengine. Leo magrupu mengi yanapokea kila mtu, na msimamizi anajulikana tu siku feza imepotea.