Kung'aa Si Kuwa Mweupe

Ndugu wasomaji, msishangae kuona mhandisi wa makamo akiandika juu ya poda ya mashavuni. Limenigusa jambo, nami siwezi kulinyamazia.

Binti yangu alinunua kikopo cha poda ya waridi hafifu katika duka moja la Matonge, hapa Ixelles, kwa ajili ya harusi ya binamu yake. Poda ya namna hiyo hupakwa juu ya mifupa ya mashavu ili uso ushike mwanga. Picha zilipotoka akaniletea. "Baba, tazama. Kama nimetoka mashine ya kusaga unga." Kisha akasema neno lililoninyima usingizi: "Nadhani rangi yangu ndiyo haikubali." Tulipokwenda dukani kulalamika, muuzaji alikuwa na dawa tayari: krimu ya "kusawazisha ngozi", rafu ya jirani.

Hapo ndipo ninapopinga. Poda imeshindwa kazi, inashtakiwa ngozi! Daraja likibomoka, ni fundi gani huulaumu mto?

Poda hii hung'aa kwa vipande vyembamba vya ulanga vilivyopakwa tabaka la dioksidi ya titani. Tabaka likiwa na unene unaofaa, hurudisha mwanga wa waridi na kuuacha mwingine upenye. Juu ya ngozi nyeupe, mwanga uliopenya nao hurudi na kuufifisha ule wa waridi. Juu ya ngozi nyeusi humezwa, na waridi hubaki safi. Kwa hesabu za mwanga, basi, uso mweusi ndio unaoifaa zaidi poda hii. Kinachoharibu ni mtengenezaji kujaza unga mweupe mzito, mara nyingi dioksidi ileile. Unga huo hutawanya mwanga pande zote, na matokeo yake ni majivu.

Lebo haitakusaidia sana, kwa kuwa jina la dioksidi huandikwa kwa hali zote mbili. Fanya hivi: paka kidogo nyuma ya kiganja, toka nje, iache taa ya dukani, kisha geuza mkono polepole juani. Mng'aro wa kweli huja na kutoweka. Chokaa hubaki palepale, ugeuze utakavyo. Ile ya binti yangu ilibaki.

Na wasituambie kwamba haiwezekani. Mwaka 2017 Fenty Beauty ya Rihanna ilianza na fondesheni za rangi 40, na kampuni nyingine zikaanza kuifuata mbio. Ujuzi ulikuwepo siku zote. Sisi ndio tulikuwa hatuhesabiwi kuwa wateja.

Lakini tuseme kweli, lawama nyingine ni yetu. Nani hajamsikia shangazi akimsifu msichana kwamba "siku hizi ametakata", na maana yake ni kwamba amejichubua? Haidrokwinoni imepigwa marufuku katika krimu za kuchubua hapa Umoja wa Ulaya tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Tanzania nayo imeikataza. Zebaki, inayowekwa katika baadhi ya krimu hizo, huharibu figo. Hata hivyo mkorogo unasafiri katika masanduku yetu wenyewe, tena kama zawadi! Mtoto aliyelelewa akisikia sifa hizo, akipakwa chokaa na kuambiwa ni mng'aro, ataamini kwamba kosa ni la uso wake.

Kwa hiyo ndugu zangu, binti akirudi na kikopo cha waridi, msimcheke wala msimkataze. Msogezeni dirishani, mgeuzeni mkono wake pamoja naye, mwone wenyewe. Poda ikifeli, irudishwe poda.