Taya Lililovimba Si la Kung'oa Meno



Nina dukuduku kuhusu watoto wanaovimba taya.

Mwaka jana mwanafunzi wangu wa darasa la pili alianza kulegea meno ya nyuma, upande mmoja. Sote, na mimi nimo, tulidhani ni meno ya utoto. Alipelekwa zahanati akang'olewa mawili. Taya likazidi kuvimba, wazee wakasema amerogwa. Zilipita wiki tatu, jicho likaanza kutokeza nje. Alipofikishwa hospitali ya rufaa, madaktari walisema ni saratani ya tezi iitwayo Burkitt. Hakurudi.

Kinachoniuma ni kwamba ugonjwa huu si mgeni kwetu. Daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958, baada ya kuwaona watoto wenye uvimbe huo hapa jirani tu, katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Huwapata zaidi watoto wadogo wa sehemu zenye malaria nyingi. Malaria hiyo, pamoja na virusi vya Epstein-Barr, ndiyo inayohusishwa nao, wala si uchawi. Mara nyingine huanzia tumboni. Na uvimbe wake waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili! Sasa wiki tatu ni nini?

Lakini, ndugu wasomaji, kasi hiyo hiyo ndiyo udhaifu wake. Dawa za saratani huziua hasa seli zinazogawanyika upesi, na za ugonjwa huu hugawanyika upesi mno. Ndiyo maana hautibiwi kwa kisu wala kwa koleo la meno, bali kwa dawa za sindano na dripu, na mtoto aliyewahishwa anaweza kupona kabisa. Burkitt mwenyewe aliona uvimbe ukiyeyuka kwa dawa tangu miaka ya 1960.

Nawaomba waganga wa zahanati wasing'oe jino la mtoto aliyevimba taya kabla ya kujua kinacholilegeza. Wampe rufaa siku hiyo hiyo. Na serikali za vijiji zitenge nauli ya wagonjwa wa namna hii. Mama wa mwanafunzi wangu alikaa na barua ya rufaa siku tisa, akitafuta mtu wa kununua mbuzi wake.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Sengerema, Mwanza.