Kasi Tunayoilipia Bila Kuitumia

Mzazi mmoja wa Igoma, jijini Mwanza, ametuletea swali. Kompyuta mpakato ya bintiye aliye chuoni imekuwa nzito, na fundi ameshauri iongezwe RAM, yaani kumbukumbu ambamo kompyuta huweka kazi inayoendelea. Dukani akaoneshwa vipande viwili vya DDR4, kila kimoja gigabaiti 8: cha kasi ya 2400, na cha 3200 chenye bei kubwa zaidi. Muuzaji akamhimiza achukue cha pili kwa kuwa ndicho “kinachokimbia”. Je, alipe?

Tulimwomba atutajie toleo la kompyuta hiyo. Ni ya mwaka 2017. Kompyuta mpakato za umri huo, ambazo bado tunazinunua kwa wingi zikiwa zimekwishatumika, kwa kawaida hazivuki 2400, na nyingi hukomea 2133. Kipande cha 3200 kikiwekwa humo hushuka na kufuata mwendo wa mashine. Maradhi ya kompyuta ya binti huyu ni ufinyu wa nafasi, kwa kuwa ilikuwa na gigabaiti 4 tu. Gigabaiti 8 za kasi ndogo zingemtosheleza vilevile.

Kupanda kwa bei kwenyewe tusiwabebeshe wenye maduka. Mwaka 2025 viwanda vikubwa, Samsung, SK Hynix na Micron, vilielekeza nguvu kwenye kumbukumbu za mitambo ya akili mnemba, na hizi za kawaida zikaadimika duniani. Bei zilipopanda Madina, Mtume (s.a.w.) aliombwa awapangie watu bei, naye akakataa kwa kuchelea kumdhulumu yeyote. Lakini ni yeye pia aliyetia mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta unyevu chini, akamkemea mwenye mali kwa kuuficha.

Pale Mwaloni Kirumba dagaa wa chanja na dagaa wa mchangani hawauzwi bei moja, na mnunuzi huwashika kwanza. RAM haijulikani kwa kushikwa, husomwa kibandiko. Penye PC4 ni DDR4, penye PC3 ni DDR3, na moja haiingii katika tundu la nyingine. Kasi ambayo kompyuta inaikubali, fundi aioneshe kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Mzazi yule alikuwa bado hajalipa. Amerudi dukani na kompyuta yenyewe mkononi, akachukua cha 2400.