Mkono uliolegea si uvivu



Injili ya Luka, sura ya 6, inatusimulia habari za mtu aliyekuwa katika sinagogi siku ya Sabato, naye mkono wake ulikuwa umepooza. Mathayo na Marko nao wanasimulia habari hiyo, lakini Luka peke yake ndiye anayetaja kwamba ulikuwa mkono wa kuume. Si jambo dogo. Kwa watu wengi huo ndio mkono wa kazi, wa kulia chakula na wa kusalimia. Ukikosa nguvu, mtu huona haya hata kuketi na wenzake.

Sasa watazame vijana wa jumuiya yako. Yuko fundi cherehani anayeinama tangu asubuhi hadi jioni. Yuko msusi, yuko karani wa kompyuta, yuko mwanachuo anayesoma kwenye simu hadi usiku wa manane. Baadhi yao wanaumwa shingo kwa miezi, hata miaka, na maumivu hushuka begani hadi mkononi. Vidole vinakufa ganzi, kikombe kinaponyoka, kufunga vifungo vya shati kunawashinda. Nyumbani wanaambiwa ni wavivu, kwamba sisi katika umri wao tulikuwa tunalima tangu alfajiri.

Inafaa tuelewe kinachotokea. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5, na shingo inakibeba kwa pingili 7. Kadiri kichwa kinavyoinamia mbele, ndivyo misuli ya nyuma ya shingo inavyolazimika kuvuta zaidi. Kati ya pingili hizo hutoka mishipa ya fahamu iendayo mikononi. Mshipa ukibanwa, ugonjwa uko shingoni lakini udhaifu unaonekana mkononi. Na hata pasipo mshipa kubanwa, maumivu yenyewe humfanya mtu ashindwe kutumia nguvu zake zote. Picha ya eksirei inaweza isioneshe kitu, na bado maumivu yakawa ya kweli.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 32, kinawaita Waisraeli watu wenye shingo ngumu, kwa kuwa walikataa kusikia. Kwa maana hiyo, mwenye shingo ngumu nyumbani huenda asiwe kijana anayeumwa. Huenda ni mzazi, mlezi au mwajiri asiyetaka kumsikiliza.

Yesu alifanyaje? Hakumuuliza mtu yule ametenda dhambi gani, wala hakumwambia ajikaze. Alimwita asimame katikati ya watu wote, mkono ungali umepooza. Heshima ilitangulia uponyaji. Waliomvizia walikuwa wakihesabu masharti ya Sabato. Yeye alikuwa akimtazama mtu.

Kumweka kijana katikati leo ni, kwanza, kumsadiki. Pili, ni kumpeleka hospitali. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemuumba. Sala haishindani na daktari. Maumivu yakipita miezi 3 huitwa sugu, na mara nyingi yanahitaji mtaalamu wa mazoezi tiba, si vidonge tu. Kijana asipelekwe kuzungushwa shingo na kinyozi, wala tusikimbilie kusema amerogwa. Mkono ukizidi kulegea, miguu ikiyumba, mkojo ukishindwa kuzuilika, au maumivu yakianza baada ya ajali, awahishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Tatu, waajiri, kazi yenu isiwavunje watoto wa watu. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu. Kiti cha kuegemea, meza ya kimo kinachofaa na dakika chache za kusimama na kujinyosha si anasa.

Nawe kijana unayeumwa, thamani yako haipimwi kwa uzito wa ndoo unayoinua. Usijifiche. Mtu yule aliunyosha mkono wake mbele ya macho ya watu, nao ukapona. Wewe nafuu yako inaweza kuja polepole, kwa mazoezi ya kila siku, na neema ya Mungu iko hata katika mwendo huo wa polepole.

Wapendwa, leo katika Misa tutapeana amani. Huenda ukashika mkono wa kijana ukauona hauna nguvu. Usiubane, wala usimtanie. Baada ya Misa mtafute, umuulize anaendeleaje, kisha umsikilize mpaka amalize.

Nawatakia Dominika njema.