Bembelezi Iliyosimamisha Taifa

Kila Mkenya aliyewahi kusimama wima wimbo wa taifa ukiimbwa amesimamishwa na bembelezi. Mwaka 1963, uhuru ukikaribia, wanamuziki watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, walikabidhiwa kazi ya kutayarisha wimbo huo, na mahadhi waliyoyachagua yalikuwa ya wimbo wa kumlaza mtoto kutoka kwa Wapokomo wa Mto Tana. Mzee Meza Moroa Galana, mzaliwa wa huko, ndiye anayetajwa kuwa aliwafikishia mahadhi hayo. Majina ya wanakamati yamo vitabuni. La Mzee Galana hutajwa kwa nadra. Ama mama aliyeuimba wimbo huo kwanza, mtoto akilia mgongoni, yeye hana hata jina la kukosewa tahajia.

Suala hili lingeweza kuachiwa wanahistoria, lau lisingegusa namna fasihi simulizi inavyosomeshwa vyuoni. Mwanafunzi hufunzwa fasili ya bembelezi, sifa zake na dhima zake. Hutaja takriri, kiitikio na sauti nyororo, akapata alama zake, na wimbo ukafungwa. Haulizwi mwimbaji alikuwa ametoka kazi gani jioni ile, wala kwa nini mtoto alipaswa kunyamaza upesi. Utanzu unajulikana, mtu aliyeutumia hajulikani.

Hasara yake huonekana wazi mahali kama Idsowe, kijiji kilichoko kando ya Tana karibu na Garsen. Mkulima wa huko hatazami mawingu yaliyo juu ya kichwa chake tu. Hutazama mto, ambao maji yake hutoka Mlima Kenya na safu za Nyandarua, mamia ya kilomita kutoka shambani kwake. Kwa vizazi vingi Wapokomo walipanda mpunga, mahindi na ndizi katika udongo ulioloweshwa na mafuriko, maji yakishapungua. Bwawa la Masinga lilipokamilika mwaka 1981, mwendo huo wa maji ulibadilika. Na yalipozidi, kama ilivyokuwa mwaka 1997 na 1998, 2018 na 2023, yalikuja kwa kishindo yakabeba mazao na nyumba. Basi chukua mfano wa kudhania tu: mwanamke wa Idsowe ametunga wimbo wa kulalamikia maji yaliyochelewa. Mwanafunzi aliyekulia Nyeri au Dodoma ataandika kwamba maji ni sitiari ya mpenzi asiyerudi, na huenda mhadhiri akamsifu kwa kina cha uchambuzi. Lakini huenda maji yale ni maji.

Wapo watakaopinga, na hoja yao si nyepesi. Tangu Roland Barthes atangaze kifo cha mwandishi mwaka 1967, wahakiki wengi wameshikilia kwamba matini hujisemea yenyewe na kwamba kumfuata mtunzi kwake ni kuipunguza kazi. Kweli, neno la msanii kuhusu kazi yake si sheria. Wasanii husahau, hujipamba, na wengine hupenda kumfurahisha anayeuliza. Ila mwandishi aliyeuawa na Barthes alikuwa na jina juu ya jalada na mirabaha mfukoni. Mama wa Tana hakuwahi kupewa uhai huo hata apokonywe.

Fasihi ya Kiswahili yenyewe ina ushahidi wa kutosha. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, alipoyakusanya mashairi ya Muyaka bin Haji pamoja na W. E. Taylor mwishoni mwa karne ya 19, hakuridhika na beti tupu. Alichukua pia maelezo: nani alikuwa akijibizana na nani, na kwa kisa gani. Muyaka alikuwa ameshafariki takriban miaka hamsini, lakini Mombasa ilikuwa bado na wenye kukumbuka. Bila maelezo hayo, mengi katika mashairi yale yangekuwa mafumbo yasiyofumbulika. Vivyo hivyo Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Msomaji anayejua kwamba ilitungwa kifungoni kati ya 1969 na 1972, ikaandikwa kwa siri kwenye karatasi za chooni, huielewa dhiki ile kwa uzito mwingine, ijapokuwa vina na mizani ni vile vile.

Tena jambo hili limekuwa la haki, si la uhakiki pekee. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, inalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa fidia au mrabaha kwa matumizi ya utamaduni wao, na mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Lakini jamii itadai vipi wimbo ambao hakuna aliyeandika ulitoka kwa nani, ukiimbwa wapi na katika kazi gani?

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina wanachama waliozaliwa kandokando ya mto huo, wanaorudi makwao kila likizo wakiwa na simu zinazorekodi sauti. Waulize wangali na wa kuwauliza. Wasimwulize bibi kuhusu ilhamu, kwani neno hilo huzaa majibu ya kupendeza na matupu. Wamwulize siku ile alikuwa ametoka wapi, amebeba nini, mto ulikuwa umefika wapi, na nani alikuwa akisikiliza. Na wamwulize kwa Kipokomo kwanza. Ni ndugu wa Kiswahili katika kundi la lugha za Sabaki, na mwenye masikio atayatambua maneno mengi kabla hajatafsiriwa.